Nilisafisha sauti ya babu iliyokuwa kwenye nta, nikamfuta mtu

Wakuu, salaam kwenu, wa kisiwani na wa bara, na nyinyi mnaosoma mkiwa kazini huku bosi anapita.

Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu. Yale niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa, asije mtu akanishika huko chini kwenye maoni. Majina nimeyabadilisha, maana mtaa wetu wa Kibokoni ni mdogo na watu wake wanasoma.

Mimi ni mtu wa arobaini na kitu. Nilimaliza fomu four, sikuendelea. Tangu hapo nimekuwa wa kuzunguka: Mtwara, Djibouti, Salala, nikarudi, nikaondoka tena. Kila nikirudi Mombasa nafikia kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Nitamwita Bi Zuhura. Umri wake umepita themanini, ulimi wake bado uko thelathini.

Safari hii niliporudi nilimkuta anajibu maswali ambayo sikuyauliza. Namuuliza sukari iko wapi, ananiambia paka ametoka tangu asubuhi.

Daktari wa masikio alikuwa ameshasema yake. Sikio la kulia limekwisha, la kushoto linafuata, na hakuweza kusema kama ni miezi au mwaka. Bi Zuhura alinieleza kwa namna yake.

"La kulia lishafunga duka," akasema. "La kushoto labaki dirisha."

Kisha akanipa kazi. Anataka kuisikia ile sauti ya mkebeni kabla dirisha halijafungwa. Mimi si nimezunguka dunia nzima? Basi sikosi kuijua mashine yake.

Wakuu, dunia niliyoizunguka mimi ni ya kuosha vyombo melini. Lakini shangazi akikutazama vile, unasema ndiyo.

Sasa niwaeleze huo mkebe.

Hapa nasimulia nilivyosimuliwa. Miaka michache kabla ya vita vya kwanza vya dunia, babu yao Bi Zuhura na baba yangu, aitwaye Omari, alikuwa mshona kofia za vito, zile zenye vitundu vinavyotobolewa na kuzungushiwa uzi. Alikuwa akikaa na sindano yake kwenye baraza ya nyumba yake pale Ndia Kuu. Reli ya kwenda bara ilikuwa bado ngeni, Kilindini ilikuwa ndiyo kwanza inazoea meli kubwa, na wakubwa wa mji walikuwa wakipanda toroli.

Kwa wasioijua: toroli ilikuwa kigari chenye benchi na kivuli cha turubai, kikipita juu ya reli nyembamba zilizolazwa barabarani. Hakikuwa na injini wala punda. Wanaume wawili walikuwa nyuma wanasukuma. Bwana amekaa mbele amekunja mikono, upepo unampiga.

Ndipo akaja Mzungu mmoja mkusanya sauti, juu ya toroli hiyo hiyo, amepakata sanduku lenye pembe kubwa ya bati. Alikuwa akizunguka pwani akiwaomba watu waseme ndani ya pembe, na sauti ikichorwa kwenye nta iliyo mviringo kama bilauri isiyo na kitako. Watu wakampeleka kwa Babu Omari kwa sababu ya sifa zake za mashairi.

Babu akasema mara mbili. Nta ya kwanza Mzungu akaondoka nayo kwao. Ya pili akampa Babu iwe zawadi.

Mashine hakumpa.

Yaani mtu alipewa sauti yake mwenyewe bila kitu cha kuisikilizia. Akashukuru, akaitia kwenye mkebe wa biskuti.

Kilichosemwa humo ndani kila mtu kwetu alikijua: ni dua. Ukiuliza nani alisema ni dua, wanakutazama kama umeuliza nani alisema bahari ina chumvi.

Kila kizazi kiliahidi kutafuta mashine. Ilipoingia gramafoni nyumbani, ilikuwa ya sahani bapa. Ikaja redio, ikaja tepu, ikaja kaseti, ikaja CD. Kila chombo kipya kikifika, mkebe unaletwa, watu wanatazama tundu la chombo, wanatazama ile nta, kisha mkebe unarudi kabatini.

Na kwa vile ni dua ya mzee, kila Ijumaa mkebe ulifunguliwa ukafukizwa udi. Chetezo chini, mkebe juu.

Nta, wakuu. Juu ya makaa. Kwa heshima zote.

Naendelea.

Nilianzia duka moja la vitu vya kale hapa Mji wa Kale, lenye gramafoni ya pembe inayong'aa mlangoni kuwavutia watalii. Mwenye duka aliigeuza ile nta mkononi, akaichungulia ndani, akaniuliza utambi wake uko wapi. Nikamwambia si mshumaa. Akanitazama kwa huruma.

Nikaingia mtandaoni. Nilitafuta siku nne, na siku ya nne nikaipata: hifadhi moja ya sauti huko ng'ambo ina nta ya yule Mzungu, ile ya kwanza. Kwenye orodha yao imeandikwa ni ya Mombasa, msemaji mwanamume asiyejulikana jina, maudhui sala.

Nikawaandikia email. Akanijibu mama mmoja muungwana sana. Habari njema, alisema, ni kwamba kwa ukale wake kazi ile wanaihesabu kuwa huru. Haina mwenyewe tena, ni mali ya umma, mtu yeyote duniani anaweza kuitumia apendavyo.

Habari mbaya ni kwamba haisikiki. Nta yenyewe imeota ukungu. Zamani waliihamishia kwenye kanda ndogo ya kidijitali iliyokuwa ya kisasa wakati huo, na mashine ya kusoma kanda hiyo imekufa, na vipuri havitengenezwi tena popote. Akaniambatishia picha ya ile kanda, imewekwa vizuri kwenye kijisanduku chake.

Nikamwonyesha Bi Zuhura hiyo picha kwenye simu. Akaitazama sana.

"Na wao wana mkebe," akasema.

Sasa mimi nina rafiki, nitamwita Kazungu. Ni Mgiriama, fundi wa kontena za baridi pale Kilindini. Zamani tulibeba magunia pamoja kabla yeye hajapata akili ya kusoma ufundi na mimi ya kupanda meli. Akitoka zamu anatengeneza redio za zamani kwenye karakana yake nyuma ya bandari, kwa mapenzi tu. Jumapili anaimba kwaya.

Nikamfunulia mkebe. Harufu ya udi ikajaa karakana nzima. Kazungu akacheka mpaka akakaa chini.

"Nyinyi watu wa Mji wa Kale mna mambo," akasema. "Sisi mzee wetu akifa twamchongea kigango cha mti, twamsimamisha nje, apate hewa. Nyinyi mumemfungia mkebeni, kisha mkamkaanga kila Ijumaa."

Nimemjua miaka ishirini, na hiyo ni mara ya kwanza amenishinda mdomo.

Lakini kazi aliifanya. Alimwendea seremala akachonga gogo jembamba huku, nene kule, kwa sababu tundu la ile nta linapungua upana kuelekea mwisho. Gogo likazungushwa na mota ya feni. Juu yake akatia mkono wa santuri ya zamani, mwepesi kama unyoya, na sindano aliyoitafuta wiki mbili. Majaribio yote aliyafanya kwenye kipande cha bomba la plastiki. Nta hakuigusa mpaka aliporidhika.

Siku ilipofika akaniita nje kwanza, akaniambia jambo moja bila utani. Kila sindano ikipita juu ya nta inaichubua kidogo. Na upande mmoja makaa yetu yameilegeza, imebonyea.

"Nakuahidi mara moja," akasema. "Ya pili sikuahidi."

Akaweka sindano. Nikawa nimeshika laptop yake, narekodi.

Mwanzo ni kelele tupu, kama samaki wanakaangwa. Halafu ndani ya yale mafuta akatoka mtu. Mwanamume. Mbali, mwembamba, anapandapanda na kushukashuka pale sindano ilipofika kwenye bonde la udi. Maneno sikuyashika hata nusu, kwa kelele na kwa haraka ya moyo.

Iliisha. Kazungu alipoitoa nta kwenye gogo, kipande cha ukingo kikabanduka, kama ukucha. Tukatazamana, akakifunga kwenye karatasi.

Sasa, wakuu, naomba msinitukane mpaka mwisho.

Nilirudi Kibokoni na sauti kwenye simu. Nikafikiri: sikio la Bi Zuhura ni hilo moja, tena ni dirisha. Nimpelekee samaki wa kukaanga? Nina app ya kuondoa kelele. Nikabonyeza. Ikachuja mara moja, nikaona haitoshi, nikachuja tena mpaka mwisho. Loo, ikatoka safi! Mtu anazungumza kama yuko chumba cha pili. Pale anapozungumza unamsikia, pale anaponyamaza kimya kabisa, hata chembe ya mafuta hakuna.

Nikabonyeza save. Simu ikaniuliza kama niifunike ile ya mwanzo, yaani mpya ikae mahali pake. Nikasema funika. Ikaniuliza nina hakika.

Nikasema nina hakika.

Na kwenye laptop ya Kazungu nilikuwa nimeihamisha, si kuinakili. Msiniulize kwa nini. Mimi ni mtu wa kuhama, labda ndiyo sababu.

Ijumaa baada ya swala tukakusanyika nyumbani, mimi, Bi Zuhura na binamu zangu wawili. Udi ukawashwa, kwa mkebe mtupu safari hii. Bi Zuhura nikamvika headphone, sisi tukasikiliza kwa spika. Binamu mkubwa akanyanyua mikono kabisa, tayari kuitikia amina.

Babu Omari akaanza:

*Ana miguu kapawa, mbona haiweki tini*
*Mzima atukuliwa, kama ni kuku tengani*

Hapo akanyamaza. Kimya. Kisha akaendelea:

*Penye pembe akitiwa, hujishika kilembani*
*Nambiyani waungwana, ni mtu au mzigo?*

Binamu mkubwa akashusha mikono polepole.

Si dua, wakuu. Ni shairi la kuwacheka wapanda toroli. Mtu mzima amepewa miguu na Mola, anabebwa kama kuku kwenye tenga, wakifika kwenye pembe ya barabara anashikilia kilemba kisiruke. Tena limesemwa ndani ya pembe ya Mzungu aliyefika pale kwa toroli, na Mzungu akaandika kwenye daftari lake kuwa ni sala.

Tulicheka mpaka jirani akabisha hodi. Binamu mdogo anasema, astaghfirullah, miaka yote hii tumeifukizia udi toroli.

Bi Zuhura hakucheka.

Alinifanyia ishara nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza tena, amefumba macho. Mara ya tatu akavua headphone.

"Hapa mbona amenyamaza?"

Nikamwambia, kwa sauti ya juu, kwamba nadhani Babu alisahau.

"Najua alisahau. Aliyemkumbusha yuko wapi?"

Nikamwambia hakuna mtu mwingine humo.

"Yumo," akasema.

Ndipo akatusimulia, na haya nayaandika kama alivyoyasema, maana hakuna kati yetu aliyewahi kuyasikia.

Shairi halikuwa la Babu Omari. Lilikuwa la mkewe, Mwanaisha. Wiki moja kabla, alikuwa dirishani akamwona yule Mzungu anapita Ndia Kuu juu ya toroli, kofia ameishika kwa mikono miwili. Akalitunga papo hapo akiwa na kofia ya kushonwa mapajani, maana vito vyenyewe nusu alikuwa akivitoboa yeye. Usiku akamsomea mumewe, wakacheka. Mumewe akalichukua akaenda nalo barazani, na wanaume wakamsifu, na yeye hakusema si langu.

Siku Mzungu alipoletwa kusikia mashairi, Mwanaisha alikuwa nyuma ya pazia. Akamsikia mumewe anaanza. Lakini Babu alipotupa jicho nje akaiona toroli imesimama mlangoni, na wale wasukumaji wawili wameegemea ukuta, wamesikia mistari miwili ya kwanza na wanajiuma midomo kwa kicheko. Ulimi ukamkauka. Aliyemtoa pale ni mkewe, aliyemtupia neno kutoka nyuma ya pazia. Mzungu akashtuka, akaonyesha pazia kwa kidole. Babu akamjibu kwa ishara kuwa ni jirani. Waliporudia kwa nta ya pili, yakawa yale yale.

Bi Zuhura alilelewa na huyo nyanya yake. Babu hakumwona hata siku moja, alikufa kabla yeye hajazaliwa. Nyanya aliishi mpaka karibu na uhuru.

"Mimi Babu nimtamanie nini?" akatuuliza. "Sauti yake siijui. Mimi nilisema sauti ya mkebeni. Nyinyi ndio mliosema ya Babu."

Ilibidi niseme. Nikamwambia kuwa pale anaponyamaza Babu, simu ilidhani kila kilichobaki ni kelele, ikakitoa. Na ile yenye kelele sinayo. Nimeifunika.

Hakunigombeza. Angalinigombeza ningalipona.

Alisema, "Haya."

Wakuu, mliolelewa na shangazi mnaijua haya ya namna hiyo.

Kuna mkuu ameuliza hapo chini, nilipokuwa bado naandika, kwa nini sikutumia app nyingine ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Ndugu yangu, nilitumia tatu. Nilirudishiwa picha za samaki wa pale ufukweni Mama Ngina nilizopiga miaka sita iliyopita. Za sauti, hakuna.

Nikarudi kwa Kazungu, nimenywea. Nilitegemea utani. Hakunitania, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito. Alichukua nta, akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha: kutoka pale ukingo ulipobanduka kuna mstari mwembamba umeanza kuteremka, unaelekea kwenye bonde la udi.

Akasema kuna watu huko nje wanaoisoma nta kwa mwanga, bila sindano kuigusa. Alikuwa amewaandikia tayari. Foleni yao ni ya mwaka na zaidi. Ushauri wake ni tungoje, nta ipone.

Nikampelekea Bi Zuhura huo ushauri. Akataka kupelekwa kwa Kazungu mwenyewe.

Tukaenda kwa tuktuk, amevaa buibui lake la kwendea harusini. Kazungu akamtolea kiti, akakipangusa mara mbili. Akamweleza yote kwa upole, karibu na sikio la kushoto, jinsi nta inavyoweza kupasuka katikati na isipatikane tena kabisa.

"Ukingoja, Mama, yaweza kupatikana yote," akamwambia. "Mwaka ujao. Inshallah, kama msemavyo."

"Mwaka ujao nitakuwa na nta nzima na masikio ya mbao," akasema Bi Zuhura. "Nitaitia mkebeni niitazame, kama walivyoitazama wote. Weka sindano, mwanangu."

Kazungu akanitazama mimi. Mimi nikatazama feni.

Kwanza aliniondoa kwenye laptop. Akaunganisha vyombo vitatu vya kurekodi, kila kimoja mbali na mkono wangu. Kisha akamvika Bi Zuhura headphone kubwa ya kazini kwake, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaweka sindano.

Mafuta ya samaki. Babu. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili.

Kimya cha Babu.

Na ndani ya mafuta, nyuma kabisa, sauti ya mwanamke. Ndogo kwa umbali tu, si kwa ukali.

"Penye pembe!"

Babu akadakia: *Penye pembe akitiwa...*

Bi Zuhura alikuwa ameikandamiza headphone kwa mikono yote miwili. Hakusogea.

Ubeti wa pili Babu akakwama tena. Safari hii yule mwanamke hakutoa neno moja. Alisema mstari wote mwenyewe, moja kwa moja, hata Babu alipodaka mwisho alikuwa anamfuata yeye. Kisha akacheka. Kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyemshinda mumewe mbele ya mgeni.

Hapo ikalia, ta. Kazungu akainua sindano. Nta ilikuwa imepasuka tangu ukingoni hadi kwenye bonde la udi, na ubeti wa tatu umo ndani yake, tumebaki na ule niliousafisha mimi.

Kazungu akavikagua vyombo vyake kimoja kimoja, akaniinulia vidole vitatu.

Bi Zuhura akavua headphone, akaitua mapajani.

"Hivyo hivyo," akasema. "Alikuwa akiniita hivyo hivyo nikichelewa kurudi kutoka chuo cha Kurani."

Basi. Akaomba maji.

Sasa mngedhani imeishia hapo. Mimi nilidhani hivyo.

Nilimwandikia yule mama wa hifadhi, nirekebishe orodha yao. Nikamweleza kwamba si sala, kwamba msemaji ana jina, na kwamba mtunzi si yeye bali mkewe, ambaye naye anasikika. Nikamtumia na sauti.

Alijibu baada ya wiki, kwa furaha kubwa. Kwanza, mashine ya kusoma zile kanda imefufuka. Mzee mmoja wa huko alikuwa na vipuri darini kwake. Wameisikiliza nta yao, na ndani yake pia kuna mwanamke nyuma, waliyekuwa wamemwandika kama kelele za mtaani.

Pili, anasikitika kunijulisha kwamba kazi hiyo si huru tena.

Nikasoma mara mbili. Kumbe sheria ya kwao inahesabu miaka sabini tangu mtunzi afe. Walipodhani mtunzi ni mwanamume wa zamani zile, waliona miaka imepita kitambo. Lakini mtunzi akiwa ni Mwanaisha, aliyeishi mpaka karibu na uhuru, miaka bado haijatimia. Kwetu hapa ni hamsini, imeshapita. Kwao bado. Kwa hivyo hawawezi kuiweka wazi kwa watu bila idhini ya mrithi wake. Je, ninamfahamu mrithi?

Yaani kwanza kazi ilikuwa huru na mashine haipo. Sasa mashine ipo, kazi si huru. Na kilichobadilika ni kwamba tumemjua mwenyewe.

Nikaingia chumbani kwa mrithi. Alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza kwa sauti ya juu, karibu na dirisha lake. Aliniomba nirudie ile sehemu inayosema kwamba watu wa ng'ambo hawawezi kufanya kitu mpaka yeye akubali. Nikarudia. Akaniomba tena. Nikajua amesikia tangu mara ya kwanza.

"Na wangoje," akasema. "Mpaka nimalize mchele."

Wamengoja wiki mbili, wakuu. Ule mchele ulikuwa kilo moja.

Jana ndipo tukakaa na fomu. Mahali pa jina la mtunzi nikaandika Mwanaisha wa Omari, kama alivyojulikana mtaani. Bi Zuhura akanichukua kalamu mkononi, akakata hayo maneno mawili ya mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Binti Shee," akasema. "Aliitwa Mwanaisha binti Shee. Omari muandike pale kwa msomaji."

Nikaandika. Chini kulikuwa na nafasi ya masharti. Nikamuuliza kama ana sharti lolote, yaani nani asikie, nani asisikie.

"Asikize atakaye," akasema. "Wasimsafishe tu."

Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, polepole, na fomu ikaondoka.

Funzo nililopata mimi ni dogo. Ukipata sauti ya zamani, ile chafu ihifadhi kwanza, tena mahali pawili, kabla hujajifanya fundi. Usidhani kila usichokielewa ni kelele. Na kama mna mkebe kwenu wenye kitu kisichofunguka, muulizeni leo mtu mzima wa nyumba kilichomo, msikae mkajibiana wenyewe kwa wenyewe.

Mwenye mkebe wake aseme. Mwenye kuijua sheria hii vizuri kuliko mimi anisahihishe. Na wewe unayetaka kuandika kwamba wa kulaumiwa ni mimi, andika bila woga. Maoni yote namsomea Bi Zuhura moja moja, upande wa kushoto, na hayo ya kunilaumu ndiyo anayoniomba nirudie.